Dodoma Haijumlishwi

Wajukuu zangu, makarani wa sensa walipozunguka mkoa wetu mwaka 2012, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, walihesabu watu 2,083,588. Waliporudi 2022 walitukuta 3,085,625. Nyongeza ya milioni moja na ushee.

Je, 2032 tutakuwa wangapi? Namwona mmoja wenu ameshajumlisha: milioni tatu na ile moja, basi nne. Ngoja kwanza. Ukipanda punje ya uwele huvuni punje moja. Unavuna suke zima, na kila punje ya suke hilo nayo ni mbegu. Watu ni vivyo hivyo. Mtoto wa leo ni mzazi wa kesho, na tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia hapa, mgeni mmoja huvuta ndugu zake. Ukuaji wa namna hii hauendi kwa kujumlisha, unaenda kwa kuzidisha.

Fungua kivinjari kwenye kompyuta, bonyeza F12, ingia kwenye konsoli. Hapo unaongea na JavaScript, lugha aliyoibuni Brendan Eich mwaka 1995. Andika:

Math.log(3085625 / 2083588) / 10

Itakujibu 0.03926 na tarakimu nyingine kibao. Hiyo ndiyo kasi yetu, karibu asilimia 3.9 kwa mwaka. Math.log hutafuta kipeo, mwenzake, Math.exp, hukitumia:

3085625 * Math.exp(0.03926 * 10)

Linakuja jibu la zaidi ya milioni 4.5, mradi kasi isibadilike. Yule aliyejumlisha amewasahau watu karibu nusu milioni, na hao nao watahitaji madawati, na maji ya kisima katika nchi hii kavu.

Math.exp huchukua namba iitwayo e, 2.71828 na kuendelea, ikaipandisha kwenye kipeo ulichoipa. Namba hiyo hujitokeza pale kitu kinapokua kila dakika bila kungoja mwaka uishe. Kwa namba nyingine tumia nyota mbili: 2 ** 3 ni 8. Tahadharini sana hapa! Ukiandika 2 ^ 3, kompyuta hailalamiki, inakupa 1, kwa sababu alama ile ina kazi nyingine kabisa. Kosa lisilopiga kelele ndilo linalonitisha.

Haya, andika la mwisho:

Math.log(2) / 0.03926

Ni miaka 17 na miezi kadhaa, muda wa watu wetu kuongezeka maradufu. Ujumlishe na umri uliokuwa nao 2022.