BIASHARA NA KICHINA: ORODHA YA VYUO IWE NA UWIANO

Mchuuzi wa soko la Kilombero, Arusha, hajazi lori kwa bidhaa moja. Mzazi anayetaka mwanawe asome biashara pamoja na Kichina afuate hesabu hiyo hiyo.

Kiwango cha chini cha kuingia shahada baada ya kidato cha sita ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, A ikihesabiwa 5 na E 1. Lakini kufikia kiwango si kupata nafasi. Penye ushindani wenye pointi nyingi hutangulia.

Kwa mwenye pointi za wastani, ngazi ziwe tatu. Ya kujaribu bahati ni Dar es Salaam: Taasisi yake ya Confucius, iliyofunguliwa 2013, hushirikiana na chuo kikuu cha Jinhua, mji ambao Yiwu, soko la wanunuzi wetu, iko chini yake. Ya kati ni Dodoma, yenye taasisi kama hiyo. Ya akiba ni Chuo cha Uhasibu, Njiro: kijana alale nyumbani, na fedha ya pango imlipe mwalimu wa Kichina.

Akichaguliwa na vyuo kadhaa, atathibitisha kimoja tu. Kwa hiyo ada, pango na nauli zijumlishwe mapema.