Tazama Juu Kwanza

Njooni, wapwa zangu, sogeeni karibu. Leo twende kwa mawazo Matema, wilayani Kyela, kule Ziwa Nyasa linakoishia upande wa kaskazini. Mashariki kuna Milima ya Livingstone. Asubuhi jua huchelewa kufika hapa, maana lazima lipande kwanza nyuma ya milima hiyo.

Safari yetu ni ya miguu. Tunaacha mchanga wa ufukweni. Tunapita kwenye migomba na mikakao. Kisha tunaingia korongoni, na njia inakuwa ya mawe matupu. Kijito kinapita katikati ya mawe hayo. Huko mbele kinaanguka kutoka juu ya jabali. Hayo ndiyo maporomoko tunayoyafuata.

"Mjomba, mbona mwezi wa nne yalikuwa yananguruma, na mwezi wa kumi ni matone tu? Maji yamekwenda wapi?"

Ndaga fijo! Asante sana kwa kuuliza. Ngoja tukiulize kijito chenyewe.

"Mimi nimezaliwa ziwani," kinasema kijito.

"Ziwani? Mbona wewe unashuka kwenda ziwani?"

"Nashuka, ndiyo. Lakini kabla ya kushuka, nilipanda. Jua lilipasha moto maji ya ziwa, nikawa mvuke. Upepo wa kusini ukanisukuma mpaka milimani. Milima ikanizuia. Ningepita wapi? Nikapanda. Huko juu ni baridi. Nikapoa, nikawa wingu, nikawa mvua."

Mmesikia? Uso wa ziwa uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Vilele vya milima vinapita mita 2,000. Zamani sana ardhi ilipasuka hapa. Upande mmoja ukadidimia na kujaa maji, mwingine ukabaki juu. Ndilo Bonde la Ufa. Mvuke wa ziwa ukikutana na milima mirefu hivyo, mvua haina budi kunyesha. Ndiyo maana Kyela hunyeshewa sana kuanzia Novemba mpaka Mei, na mpunga wake unastawi.

"Sasa mvua ikikatika, mjomba, kijito kinapata wapi maji?"

Swali zuri hilo! Mmewahi kuona vyungu vya Wakisi? Akina mama wao wa kijiji cha Ikombe huvifinyanga kwa mikono, kisha hupakiwa kwenye mitumbwi kupelekwa sokoni Lyulilo, jirani na Matema. Chukua mtungi wa udongo, ujaze maji, uuweke kivulini. Kesho yake gusa ubavu wake. Umelowa! Udongo una vitundu vidogo mno, macho hayavioni. Maji yanapenya humo polepole, tone kwa tone.

Mlima ni mtungi. Mvua huujaza. Mizizi ya miti na majani yaliyooza huyapokea maji, na udongo huyashika. Kisha mlima unavuja polepole, na kijito kinaishi.

Lakini mitungi hailingani. Mito Kiwira na Mbaka hutoka nyanda za juu za Rungwe. Huko eneo ni pana, misitu ipo, na udongo wa volkano ni mnene. Mtungi huo ni mkubwa, kwa hiyo mito hiyo hutiririka hata kiangazi. Kijito chetu kina korongo fupi, lenye mteremko mkali na majabali yasiyonyonya maji. Mtungi wake ni mdogo. Huisha upesi.

"Na miti ikikatwa?"

Mtungi unapungua, mpwa wangu. Mvua ikinyesha, maji yote yanashuka kwa siku moja na kuondoka na udongo. Kesho yake kijito hakina kitu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa pana hatari. Jua linaweza kuwaka ufukweni huku mvua inamwagika mlimani. Korongoni hutaiona mvua hiyo. Utayaona maji yake tu, na yatakuja kwa ghafla. Mwezi Septemba 2019, katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, mafuriko ya namna hiyo yaliwakumba watalii na mwongozaji wao, na watu wakapoteza maisha.

"Tutajuaje, mjomba?"

Tazama juu kwanza. Wingu jeusi likiwa mlimani, safari hakuna. Mkiwa tayari korongoni, yaangalieni maji. Yalikuwa meupe, sasa yana tope? Yanabeba majani na vijiti? Mnasikia mngurumo kutoka juu? Msikimbie kufuata kijito, maji yana mbio kuliko ninyi. Pandeni kando, juu ya ukingo. Mizigo iacheni. Na msiende kamwe bila mtu mzima wa pale pale, anayeijua njia.

"Basi twende lini?"

Haya, jibuni wenyewe. Mwezi wa nne mvua ni kubwa na mawe yanateleza. Mwezi wa kumi mtungi umekauka. Sasa je?

"Mwezi wa sita! Mvua zimekatika, lakini mtungi bado unavuja!"

Hongereni sana, wapwa zangu. Mwezi wa sita tutakwenda. Kila mmoja avae viatu visivyoteleza, na asubuhi hiyo, kabla hatujanywa chai, mmoja wenu atatoka uani kutazama mlima na kutuambia kama tunakwenda au tunabaki.