Kwa Nini Daktari Hupima Maji ya Uti wa Mgongo

Bahati ni nchi ya baridi na rutuba iliyo kaskazini ya mji wa Nakuru, karibu na shimo kubwa la Menengai. Wenyeji wake hulima mahindi na viazi, na wengi hufuga ng'ombe wa maziwa. Mbu waenezao malaria si wengi huko kama walivyo pwani au kando ya Ziwa Viktoria. Kwa hiyo mtoto wa Bahati akishikwa na homa kali, akatapika, akapatwa na degedege na kupoteza fahamu, haifai kudhani upesi kwamba ni malaria tu. Huenda ikawa ni homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa huo waweza kuua kwa muda wa siku moja au mbili, au kumwacha aliyepona akiwa kiziwi maisha yake yote.

Daktari aonapo dalili hizo husema kwamba yampasa kutoa maji kidogo mgongoni mwa mtoto ili yapimwe. Hapo ndipo wazazi wengi huingiwa na hofu. Wengine hukataa kabisa, wakisema kwamba fulani alidungwa sindano ya mgongo akafa kesho yake, au kwamba sindano hiyo hulemaza miguu. Hofu hiyo yaeleweka, lakini hasara yake ni kubwa, kwa maana humwacha daktari akitibu ugonjwa asioujua.

MAJI HAYO NI NINI

Ubongo wa mwanadamu, pamoja na ule ugwe wa mishipa ya fahamu upitao ndani ya mifupa ya mgongo, umefunikwa kwa tando nyembamba. Kati ya tando hizo mna maji maangavu yaukingao ubongo usigongwe na mifupa. Mtu mzima ana kiasi cha mililita 150 za maji hayo, na mwili wake hutengeneza mengine kiasi cha mililita 500 kila siku. Yatolewayo kwa kupimwa ni mililita chache tu, nayo hurudishwa na mwili kwa muda mfupi.

Njia ya kuyatoa kwa sindano ilianzishwa na daktari Mjerumani, Heinrich Quincke, katika mwaka 1891. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu na kukunjwa magoti hata karibu na kidevu. Ngozi husafishwa vizuri, kisha sindano huingizwa kati ya mifupa ya kiuno. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Ule ugwe wa mishipa ya fahamu huwa umekwisha kukoma juu zaidi, na hapo chini imebaki mishipa myembamba ielekayo ndani ya maji, ambayo husogea sindano ipitapo. Ndiyo sababu kulemaa kwa ajili ya sindano hiyo ni jambo la nadra sana. Baadhi ya wagonjwa huumwa na kichwa kwa siku chache, kisha hupona.

Na wale wafao baada ya kudungwa? Mara nyingi ni watu walioletwa hospitali wakiwa wamekwisha kuzidiwa. Ugonjwa ndio uliowaua, ila sindano ilikuwa jambo la mwisho kuonwa na jamaa zao, nayo ikabeba lawama.

KUHESABU CHEMBE

Maji yakiisha kutolewa hupelekwa mara moja kwa mpimaji, kwa kuwa chembe zilizomo huanza kuharibika baada ya muda mfupi. Mpimaji hutia tone katika kioo kilichochorwa miraba midogo, akakiweka chini ya hadubini na kuhesabu chembe nyeupe, moja moja. Chembe hizo ni askari wa mwili. Mahali palipo na adui hukusanyika kwa wingi. Mahali penye amani huwa chache.

Mtu mzima asiye na ugonjwa hana zaidi ya chembe nyeupe 5 katika kila milimita moja ya ujazo ya maji hayo. Mtoto aliyezaliwa karibuni aweza kuwa na 20 hivi bila kuwa na ugonjwa. Zikizidi hapo, pana jambo. Wala asidanganyike mtu kwa kuona maji ni maangavu, kwani jicho haliwezi kuona ukungu mpaka chembe zifike kiasi cha 200. Maji yenye chembe 100 huonekana safi kama ya kisimani, na kumbe mgonjwa yumo hatarini.

HESABU YASEMA NINI

Chembe nyeupe si za namna moja, na mpimaji hutazama idadi pamoja na namna. Homa ya uti wa mgongo iletwayo na bakteria huleta chembe nyingi mno, mara nyingi zaidi ya 1,000, na nyingi katika hizo zina kiini kilichogawanyika vipande. Sukari ya maji hayo pia hupungua sana. Mgonjwa wa namna hii yampasa kupewa dawa kali za sindano saa ile ile.

Homa iletwayo na virusi huleta chembe makumi au mamia, zenye kiini kimoja cha mviringo, na sukari haipungui sana. Wengi wa wagonjwa hao hupona kwa kutunzwa tu. Kifua kikuu kikiingia katika tando za ubongo, chembe zaweza kuwa mamia vile vile, za kiini cha mviringo, lakini sukari huwa ndogo. Na mgonjwa huyo hutaka dawa za miezi mingi. Basi wagonjwa watatu wanaolala vitanda vya jirani, wote wenye homa na maumivu ya kichwa, huhitaji matibabu matatu mbalimbali.

Uzito wa hesabu hiyo ulionekana zaidi katika ugonjwa wa malale, uliosumbua watu wa Bonde la Lambwe karibu na Ziwa Viktoria. Chembe zikizidi 5, ilijulikana kwamba vijidudu vimekwisha kufika ubongoni, na mgonjwa alipewa dawa ya melarsoprol, ambayo yenyewe iliua kiasi cha watu 5 katika kila 100 walioitumia. Haikufaa kumpa mtu dawa ya namna hiyo pasipo kuhesabu kwanza. Katika mwaka 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma katika Kenya.

HESABU PEKE YAKE HAITOSHI

Hata hivyo hesabu ni shahidi mmoja, si hakimu. Mgonjwa wa Ukimwi aweza kuwa na ukungu aina ya kriptokoka katika maji yake, na chembe nyeupe zikawa chache au zisiwepo kabisa, kwa kuwa askari wa mwili wamekwisha kudhoofika. Sindano ikitoboa mshipa mdogo, damu huchanganyika na maji na kupotosha hesabu. Kwa hiyo mpimaji hupima sukari na protini pia, hutafuta vijidudu vyenyewe, na kuviotesha ili vijulikane.

Tena wako wagonjwa ambao daktari huahirisha kuwadunga, kama vile mwenye dalili za shinikizo kubwa ndani ya ubongo, au mwenye kidonda mahali pa kudungwa. Hao huanzishiwa dawa kwanza, kwa kuwa matibabu hayapaswi kungoja.

FAIDA KWA WOTE

Katika Kilifi, ambako malaria ni nyingi, watafiti walionyesha kwamba watoto waliopoteza fahamu hawatambuliki kwa dalili tu. Mtoto aweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu, na wakati huo huo awe na homa ya uti wa mgongo. Upimaji wa damu na maji ya mgongo ulisaidia pia kujua nguvu za chanjo. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria ya Hib katika mwaka 2001, na katika muda wa miaka mitatu hivi ugonjwa huo ulipungua huko Kilifi kwa zaidi ya asilimia 80. Chanjo dhidi ya nimonia, ambayo bakteria yake huleta homa ya uti wa mgongo pia, ilifuata katika mwaka 2011. Chanjo hizo hutolewa mtoto afikapo wiki 6, 10 na 14.

Basi mzazi ahakikishe mtoto wake amechanjwa. Akiona homa pamoja na shingo iliyokaza, degedege, usingizi usio wa kawaida, au kwa mtoto mchanga utosi uliovimba na kukataa kunyonya, asingoje kupambazuke. Na daktari akiomba ruhusa ya kutoa maji, mzazi aulize yote atakayo, kisha akubali. Bahati ni jina jema kwa nchi, lakini haifai mtoto atibiwe kwa kubahatisha.