Je, Wajua? Kabla ya Kufungua Squeezebox

Squeezebox Touch, kicheza muziki wa mtandaoni kilichotolewa na Logitech mwaka 2010, kinatumia umeme wa volti 5 tu kutoka kwenye adapta ndogo. Wanaotaka sauti bora huanza kwa kubadilisha adapta, kisha hufungua boksi, hung'oa kapasita za upande wa analogi na kulehemu za bei kubwa. Tazama nyuma kwanza: kuna matundu ya kutolea sauti ya kidijitali. Ukichomeka hapo kigeuzi cha nje (DAC), kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi, sauti haipiti kabisa kwenye kapasita ulizobadilisha. Kununua kigeuzi ndiyo busara, kwani utakihamishia kifaa kingine. Logitech iliacha kutengeneza Squeezebox mwaka 2012; ukiunguza ubao, mpya hauupati dukani.