Kamari Inapokuwa Mali ya Umma

Tumezoea kuiona kamari kuwa biashara ya watu binafsi. Katika jimbo la New York, Marekani, sheria ya mwaka 1970 iliruhusu mashirika ya umma kupokea madau ya mbio za farasi nje ya viwanja vya mbio. Shirika la magharibi mwa jimbo linamilikiwa na kaunti 15 pamoja na miji ya Buffalo na Rochester. Kila mmiliki ana mjumbe katika bodi, na faida hugawiwa wamiliki.

Watetezi husema fedha hurejea kwa wananchi. Lakini zilitoka wapi, ila mfukoni mwa mwananchi aliyeshindwa? Tena faida yenyewe haina uhakika: shirika la Jiji la New York, lililoanza kazi mwaka 1971, lilifungwa Desemba 2010 likielemewa na madeni.

Suratul Baqara, aya ya 219, haikanushi kuwa kamari ina manufaa. Inabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Bodi na kura hulinda mgao. Hazilindi nyumba ambayo fedha ya unga imeishia kwenye dau. Wazazi wenzetu, watoto wakisifiwa faida hiyo, tuwafunze kuuliza: nani aliyeilipa?