Charlie Chaplin na Askari Aliowafanyia Mzaha

Alfajiri ya tarehe 25 Desemba 1977, Wakristo duniani walipokuwa wakijiandaa kuadhimisha sikukuu ya Krismasi, Sir Charles Spencer Chaplin alifariki dunia nyumbani kwake katika kijiji cha Corsier-sur-Vevey, Uswisi. Alikuwa na umri wa miaka 88. Siku mbili baadaye alizikwa katika makaburi ya kijiji hicho, kwa ibada fupi ya watu wa nyumba yake. Hayakuwa mazishi makubwa. Lakini msiba wenyewe ulikuwa mkubwa, kwa sababu marehemu alikuwa amewachekesha watu wa mataifa yote kwa zaidi ya miaka sitini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya bila ya kutamka neno hata moja. Hata katika Kiswahili mtu mchekeshaji huitwa chale, neno ambalo halina tofauti kubwa na jina lake lilivyotamkwa na watu wa huku walioziona picha zake.

Miongoni mwa waliosikitika, hapana shaka, walikuwamo askari na polisi wengi. Jambo hilo lastahili kuelezwa, maana katika sinema za Chaplin hakuna watu waliochekwa kuliko wao. Polisi katika picha zake huanguka, hupigwa teke, hufukuza mtu asiyehusika na kumwacha mkosaji akitembea. Sajenti hupiga kelele, na kuruta hugeuka kushoto anapoamriwa kugeuka kulia. Mtu asiyezijua sinema hizo angeweza kudhani kwamba Chaplin aliwachukia wote waliovaa sare. Ukweli ni kinyume cha hivyo, na ushahidi wake umo ndani ya picha zenyewe.

Chaplin alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1889. Baba yake, aliyekuwa mwimbaji wa majumba ya starehe, aliiacha familia na akafa kwa ulevi. Mama yake aliugua akili akapelekwa hospitali mara kwa mara. Akiwa na umri wa miaka saba tu, mtoto huyo aliingizwa katika nyumba ya maskini ya Lambeth, mahali palipokuwa na masharti makali yasiyotofautiana sana na ya gereza. Kwa hiyo aliujua mkono wa dola tangu utotoni, tena aliujua kutoka chini, anakosimama mnyonge. Alipokwenda Marekani na kuanza kucheza sinema mwaka 1914, alijitengenezea sura ambayo dunia haikuisahau: kofia ndogo ya mviringo, koti la kubana, suruali pana, viatu vikubwa kupita kiasi, masharubu mafupi na kifimbo. Mtu huyo hana kazi, hana nyumba, hana jamaa. Kwa lugha ya sheria zilizotumika Afrika Mashariki tangu enzi ya ukoloni, ni mzururaji. Ni mtu yule yule ambaye polisi wa zamu humwona akisimama pembeni mwa njia usiku na kumwuliza anakwenda wapi.

Hebu itazamwe sinema iitwayo Easy Street, ya mwaka 1917. Mzururaji anajiandikisha kuwa polisi. Anapangiwa mtaa ambao kila polisi aliyetumwa huko amerudishwa kwa machela. Mtaa huo unatawaliwa na jambazi mmoja mwenye nguvu za ajabu, ambaye ili kumwonyesha polisi mgeni ubavu wake anaukunja mlingoti wa taa ya barabarani kwa mikono yake mitupu. Polisi huyo mdogo hana nguvu wala silaha ya kutosha. Anachokifanya ni kumvika jambazi kichwani ile taa aliyoiinamisha mwenyewe, kisha anafungulia gesi mpaka jambazi anapoteza fahamu. Watazamaji walicheka, lakini polisi yeyote aliyewahi kuingia peke yake katika kitongoji kibaya alitambua hofu iliyokuwa ndani ya kicheko hicho.

Katika sinema hiyo hiyo, polisi Charlie anamkamata mwanamke aliyeiba chakula dukani. Mwanamke analia, ni maskini na ana njaa. Polisi naye analia, halafu anamwongezea vitu vingine kutoka katika duka lile lile. Kwa sheria alikosea, na hakuna afisa wa polisi anayeweza kufundisha mwenendo huo chuoni. Hata hivyo swali alilolitoa ni swali halisi la kazi hiyo: polisi afanye nini anapomkuta mwizi ambaye kosa lake ni njaa?

Mwaka 1921 ilitoka sinema ya The Kid, ambamo mzururaji anamlea mtoto aliyeokotwa. Mtoto huvunja vioo vya madirisha ya watu kwa mawe, kisha baba yake wa kulea hupita mtaani akiuza vioo vipya. Ni ulaghai ulio wazi, na polisi wanautambua. Lakini mwisho wa picha, baada ya mtoto kuchukuliwa na mama yake mzazi ambaye sasa ni tajiri, polisi anamkuta mzururaji amelala mlangoni kwa majonzi. Anamwamsha, anampakia garini. Mtazamaji anangoja kuona lango la gereza. Polisi anampeleka kwenye nyumba ya yule mama, mtoto anatoka mbio na kumrukia. Chaplin angeweza kumpa kazi hiyo mtu mwingine yeyote katika hadithi. Alimpa polisi.

Kuna kisa cha tatu kuhusu polisi, kilichomo katika Modern Times ya mwaka 1936, wakati viwanda vya Marekani vilipokuwa vimefungwa na mamilioni ya watu hawana kazi. Bendera nyekundu inaanguka kutoka katika lori. Mzururaji, kwa wema wake, anaiokota na kuipunga ili dereva aione. Nyuma yake, pasipo yeye kujua, maandamano ya wafanyakazi yanakata kona. Polisi wanafika, wanamwona mtu ametangulia mbele ya umati akiwa na bendera mkononi, nao wanamkamata kuwa ndiye kiongozi. Kila walichokiona kilikuwa kweli. Walichokosa ni kumwuliza mtu huyo bendera ameipata wapi. Kisa hicho chaonyesha tofauti kati ya kuona na kuchunguza kwa namna ambayo kuruta wa polisi hawezi kuisahau.

Kwa upande wa wanajeshi, mambo yalianza kwa uchungu. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipopamba moto, Chaplin alikuwa kijana Mwingereza aliyekuwa Marekani akilipwa mshahara wa kutisha. Mwaka 1916 kampuni moja ya sinema ilimpa mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka. Baadhi ya magazeti ya Uingereza yalimshutumu kwamba anakwepa vita, na watu wengine walimpelekea manyoya meupe, ambayo kwa desturi ya Waingereza ni alama ya uoga. Ni jambo la kuangaliwa kwamba askari waliokuwa ndani ya mahandaki walikuwa na mawazo tofauti. Wao walimpenda, na hata waliimba wimbo uliomtaja jina. Katika hospitali za kijeshi picha zake zilionyeshwa juu ya dari, ili majeruhi wasioweza kuketi wazitazame wakiwa wamelala chali. Yeye mwenyewe alizunguka Marekani mwaka 1918 pamoja na wachezaji wenzake Mary Pickford na Douglas Fairbanks, akiwahimiza wananchi wanunue hati za mkopo wa vita.

Mwaka huo huo aliamua kutengeneza sinema ya kuchekesha kuhusu askari wa handakini. Alionywa kwamba ni hatari kufanya mzaha na vita wakati watu wanakufa. Hakusikia. Sinema hiyo, Shoulder Arms, ilitolewa mwezi Oktoba 1918, wiki chache kabla ya silaha kuwekwa chini tarehe 11 Novemba. Ndani yake kuruta Charlie analala katika handaki lililojaa maji, akipumulia tarumbeta ya gramafoni. Anakuna chawa mgongoni kwa kikwaruzo cha jikoni. Anapelekewa kutoka nyumbani jibini lenye harufu mbaya mno, anavaa barakoa ya gesi, analirusha katika handaki la adui. Askari waliotoka vitani hawakukasirika, kwani waliyajua maji yale na chawa wale.

Lakini pana sehemu moja isiyochekesha hata kidogo. Barua zinafika na kila askari anapata yake isipokuwa Charlie. Anasogea nyuma ya mwenzake anayesoma barua, anachungulia juu ya bega lake, naye anasoma pia. Mwenzake akitabasamu, yeye anatabasamu. Mwenzake akihuzunika, yeye anahuzunika. Askari yeyote aliyekaa kambini mbali na kwao, wa jeshi lolote, anaijua siku hiyo.

Miaka ishirini baadaye ulikuja mtihani mkubwa zaidi. Adolf Hitler alizaliwa siku nne tu baada ya Chaplin, mwezi Aprili 1889, na alivaa masharubu yanayofanana na ya mzururaji. Chaplin alianza kupiga picha ya The Great Dictator mwezi Septemba 1939, siku chache baada ya Uingereza na Ujerumani kuingia vitani, na ilionyeshwa mwaka 1940 wakati Marekani ilikuwa bado haijaingia. Alicheza watu wawili: dikteta, na kinyozi wa Kiyahudi aliyepigania nchi hiyo hiyo katika vita vilivyopita. Dikteta anacheza na dunia kama puto, analirusha juu na kulidaka, hadi puto linampasukia mikononi. Mwisho kinyozi, aliyechanganywa na dikteta kwa sababu ya sura na sare, anasimamishwa mbele ya majeshi ili ahutubie. Maneno anayoyatoa anawaelekezea askari wenyewe, akiwataka wasijitoe kwa watu katili wanaowatumia kama mashine, bali wapiganie uhuru. Huko Hispania sinema hiyo ilipigwa marufuku mpaka Franco alipokufa. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964, Chaplin aliandika kwamba kama angejua wakati ule unyama uliokuwa ukitendeka katika kambi za Wanazi, asingeweza kuifanyia mzaha. Kauli hiyo inampa heshima. Mchekeshaji aliyetambua kwamba pana mahali kicheko hakifiki alikuwa mtu aliyeijua kazi yake.

Ajabu ni kwamba aliyemdhihaki Hitler mapema namna hiyo alikuja kuonekana adui wa usalama katika nchi aliyoishi kwa takriban miaka arobaini. Marekani iliingia katika zama za kuwasaka wakomunisti, na idara ya upelelezi, FBI, ilijaza jalada la karibu kurasa 2,000 juu yake. Mwezi Septemba 1952, akiwa melini kuelekea Uingereza kuonyesha sinema mpya, alipata habari kwamba kibali chake cha kurudi kimefutwa. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Alihamia Uswisi na mkewe Oona na watoto wao. Hapa kile kisa cha bendera nyekundu kilimrudia mwenyewe, na safari hii hakikuwa sinema. Marekani ilimwalika tena mwaka 1972 kupokea tuzo ya heshima ya Oscar, na ukumbi mzima ulisimama ukimpigia makofi kwa dakika nyingi. Mwaka 1975 Malkia Elizabeth wa Pili alimtunukia cheo cha Sir, naye akakipokea akiwa katika kiti cha magurudumu.

Kuhusu polisi limebaki tukio moja, lililotokea baada ya maziko. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1978, kaburi la marehemu lilifukuliwa na jeneza likaibwa. Wezi walimpigia simu mjane wakidai mamia ya maelfu ya dola. Bibi Oona alikataa, akisema mumewe angeliona jambo hilo kuwa upuuzi. Polisi wa Uswisi hawakukimbizana na mtu mitaani kama wale wa sinema za mwaka 1914. Waliisikiliza simu ya nyumba ile, na siku waliyotarajia kupigiwa waliweka askari wa kuvichunga vibanda vya simu vya mji wa Lausanne, vipatavyo 200. Makanika mmoja wa magari alikamatwa hivyo, na baadaye mwenzake. Tarehe 17 Mei 1978 jeneza lilipatikana likiwa limefukiwa katika shamba la mahindi karibu na kijiji cha Noville, mashariki ya Ziwa Geneva. Aliyepanga njama alihukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu, na mwenzake miezi 18 iliyoahirishwa.

Marehemu alirudishwa katika makaburi ya Corsier na safari hii kaburi likamiminiwa zege. Mkewe alilazwa kando yake mwaka 1991, na tangu mwaka 2016 nyumba yao imekuwa makumbusho ya kazi yake.