Starlet ya Zamani na Ndoto ya Tabo

Vijana wengi wanaoleta Toyota Starlet gereji kwangu Katwe wanataka tabo. Hamu yao naielewa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ndogo huhema ikipanda kilima cha Kololo. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi, nayo husukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Petroli ikiongezwa kulingana na hewa hiyo, nguvu huja.

Lakini usiifunge kwenye 4E-FE, injini ya kawaida ya Starlet. Mgandamizo wake ni mkubwa mno: petroli hulipuka kabla ya wakati, pistoni zikapasuka. Toyota wenyewe, walipotengeneza 4E-FTE ya Starlet GT, sentimita za ujazo 1,331 na nguvu za farasi 135, waliushusha mgandamizo. Itafute hiyo kwenye soko la vipuri la Kisekka, ikiwa na kompyuta, nyaya na giaboksi yake. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta tope jeusi, achana nayo. Tikisa feni ya tabo kwa kidole: ikigusa ukuta, beringi zimekwisha.

Kwa kuwa nguvu zaidi huleta kasi na joto zaidi, bajeti ianzie kwenye breki na rejeta. Pesa zisipotosha, injini isubiri.